Wimbo wa Majibu

Walimu wenzake walimwita Redio, naye hakuwahi kuchukia. Tangu aanze kazi katika shule ile, hapakuwa na habari iliyoingia chumba cha walimu bila kupitia kwake kwanza: nani kahamishwa, nani kaposwa, nani kaomba ruhusa ya msiba akaonekana dukani anajaribu viatu. Alifundisha lugha darasa la mwisho, alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kufika getini bila yeye kuinuka kitini, na nyumbani kwake wageni walikuwa hawakauki. Kwa hiyo Mtaalamu alipoitisha kikao cha walimu "kubadilishana mbinu za kupandisha alama", Redio alishajua tangu asubuhi kitakachosemwa, nani atakisema, na kwamba atakisema akiwa amevaa lile koti lake la semina.

Mtaalamu alikuwa mwalimu wa taaluma, yaani msimamizi wa mitihani na alama za shule nzima. Darasani haonekani. Kazi yake kubwa ilikuwa kwenda semina na kurudi na maneno mapya, na kila aliporudi alitembea wiki nzima kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani, haangalii kushoto wala kulia. Hata jina alilipata huko huko. Kuna mcheshi mmoja alimwandikia "Mtaalamu" kwenye kibandiko cha kifuani kwa utani tu. Mwenzetu akarudi nacho shuleni na hakukibandua.

Kikao kilikaa kwenye ile meza ndefu yenye mguu mmoja mfupi, ulioinuliwa kwa vitabu vya kiada ambavyo tangu viletwe havikuwahi kupata kazi nyingine. Mkuu wa shule alikaa mwisho wa meza na kikombe chake cha chai chenye mfuniko. Wengine vikombe vyao vilikuwa havina mifuniko, na ndiyo namna mgeni alivyoweza kujua mkuu ni nani.

"Tusizunguke," alisema Mtaalamu. "Kila mtu atoe mbinu yake. Tunajenga."

Basi wakajenga. Mwalimu wa sayansi akasema yeye huwafundisha watoto kuchagua jibu lililo refu kuliko yote.

"Mtunga mtihani naye ni binadamu," alieleza. "Hawezi kupoteza wino wote ule kwa uongo."

Wenzake wakaandika. Akafuata Mzee wa Ramani, aliyefundisha jiografia tangu enzi ramani ya ukutani ilipokuwa bado na rangi. Mtihani wenyewe ulikuwa wa kuchagua herufi na kukijaza weusi kiduara chake, na Mzee wa Ramani alikuwa amekaa na jambo hilo akalitafakari. Penseli kali, alisema, inazungukazunguka mle ndani ya kiduara na kupoteza muda. Penseli zichongwe, halafu zisuguliwe sakafuni mpaka ziwe butu. Penseli butu inajaza kwa mkupuo mmoja.

"Na huo muda ukishaokolewa," aliuliza Redio, "mtoto anaufanyia nini?"

"Anapumzika, mwalimu."

"Haya. Tunajenga."

Mkuu akafunua kikombe, akanywa, akafunika. Hapo Mtaalamu akasimama, akafunga kifungo cha koti, na Redio akajua sasa ndiyo yenyewe inakuja.

Mbinu ya Mtaalamu ilikuwa wimbo. Kabla ya mtihani mkuu kulikuwa na mtihani wa majaribio, unaotoka ofisi ya elimu ya kanda, na ule wa majaribio kila mwalimu alijua ulikuwa ni ule ule miaka nenda miaka rudi. Ofisi ilibadilisha jalada tu. Basi Mtaalamu alichukua herufi za majibu, kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, akazitia kwenye sauti ya wimbo wa watoto wa kuruka kamba. Akauimba pale pale, koti na yote. "A, C, C, D, na B tena B..." Mwalimu wa sayansi akawa anapiga makofi ya taratibu. Mzee wa Ramani akafumba macho.

"Na maswali?" aliuliza Redio.

"Maswali yana nini?"

"Nauliza, maswali hayamo kwenye wimbo?"

Mtaalamu akamtazama kwa huruma. "Mwalimu, maswali hayana alama. Alama zimo kwenye majibu."

Redio alikuwa amezoea kusikia upuuzi katika chumba kile na kuufurahia, kwa sababu jioni ungempa la kusimulia. Huu nao alikuwa ameshaanza kuuweka sawa kichwani, na sauti ya kuigiza ameshaipata. Ila Mtaalamu alikuwa hajamaliza, na lililobaki halikuwa limemfikia Redio mapema.

"La mwisho ni mizigo," alisema. "Wastani wa shule ni kama mkokoteni. Ukiujaza mizigo haupandi mlima. Kwa hiyo mwaka huu, atakayeshindwa kufika nusu ya alama kwenye majaribio, hatumwandikishi mtihani mkuu. Anarudia darasa. Akiiva, atapanda."

Akawataja wale aliowaona tangu sasa kuwa ni mizigo. Walikuwa saba. Wa mwisho kutajwa alikuwa Kwanini.

Kwanini alikuwa binti wa mdogo wake Redio, tumbo moja, na aliishi nyumbani kwa Redio pamoja na mama yake huyo. Jina lile alipewa na walimu hawa hawa. Mtoto alikuwa mzito wa kusoma, anafuata mstari kwa kidole kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka, na katikati ya mstari anasimama na kuuliza: kwa nini? Kwa nini treni mbili ziondoke stesheni moja na kupishana? Kwa nini huyu mkulima agawe shamba kwa theluthi? Walimu walikuwa na mada za kumaliza. Aliyekuwa na subira alimwambia "utajua mbele", na aliyekuwa hana alimtoa nje.

"Mmoja wa hao alisharudia mara moja," alisema Redio. Sauti yake ya getini ilikuwa imeshuka.

"Basi atakuwa na uzoefu," alijibu Mtaalamu, na meza nzima ikacheka mpaka vile vitabu vikateleza na chai ya Mkuu ikamwagika kwenye sahani.

Mkuu alijifuta kidole. "Kanuni ni moja kwa wote," alisema, akimtazama Redio. "Hapa hakuna cha mtoto wa nani. Hatutaki kujuana."

*

Nyumbani, mdogo wake alikuwa kwenye cherehani. Alikuwa fundi nguo, na sebule yao nusu ilikuwa ya vitambaa na nusu ya watu: jirani amekuja kupimwa, jirani mwingine amekuja kumsindikiza huyo wa kupimwa, watoto wa watu wanakula chini. Redio alisubiri mpaka waliopimwa wakaondoka, jambo ambalo kwake lilikuwa geni, maana yeye habari hakuwahi kuisubirisha.

"Wanataka kumrudisha tena," alisema.

Mdogo wake hakuinua uso. Aliukata uzi kwa meno. "Akirudishwa tena, dada, harudi. Kaniambia mwenyewe, wala hakulia. Angelia ningejua yatapita."

"Kasemaje?"

"Kasema akikaa nao dawati moja, wale watoto wanamwamkia shikamoo." Akaigeuza sketi ya shule aliyokuwa akiishona na kumwonyesha upindo. "Na tazama hii. Nimeushusha mpaka nimefika mwisho. Hakuna tena cha kushusha. Mtoto ana umbo la kuolewa, mnamkalisha na wanaong'oka meno."

"Mimi simkalishi."

"Nyinyi," alisema mdogo wake. "Nyinyi walimu."

Kwa mara ya kwanza Redio aliona kwamba kile kichekesho alichokuwa amekiandaa njiani, wimbo na makofi na Mzee wa Ramani kafumba macho, hakina pa kusimuliwa humu ndani.

*

Kesho yake shule ilianza kuimba. Darasa la mwisho lilitolewa uwanjani asubuhi na mchana, Mtaalamu mbele na fimbo ya kuongozea, na kitindamimba wa Mkuu akawa mwanzilishi wa wimbo. Huyu alikuwa binti mwenye sauti nyororo na soksi nyeupe, hajawahi kushika nafasi ya tatu tangu alipozaliwa. Aliianza "A, C, C, D" kama ya kanisani, wenzake wakaipokea. Wiki haikuisha, watoto wa darasa la kwanza wakawa wanaruka kamba kwa majibu ya hesabu ya darasa la mwisho.

Mizigo haikuimba. Mtaalamu aliamua wimbo usipotezwe kwa watu ambao watausahau, akaiondoa darasani ili isiharibu sauti. Akampa Redio.

"Wewe unapenda watu," alimwambia. "Kaa nao."

Wakapewa stoo ya majembe. Humo mlikuwa na ndoo za kumwagilia, magoli mawili ya mpira yaliyovunjika, na dirisha moja lisilofunguka. Vitabu hawakupewa, Redio alipata karatasi za mtihani wa majaribio wa mwaka juzi zilizokuwa zimefungiwa mbegu, akazikung'uta. Hakuwa na mbinu yoyote. Aliwatazama wale saba, mmoja wao ameshalala juu ya nyavu za goli, akafanya kile alichojua kufanya tangu utotoni: akaanza kusengenya.

"Haya njooni niwape habari," alisema, akaisogeza karatasi. "Kuna mfanyabiashara hapa swali la nne. Kanunua mayai trei kumi. Njiani yamevunjika robo. Sasa jiulizeni, huyu bwana alikuwa anaendeshaje?"

"Amelewa," alisema mmoja.

"Hakulewa, barabara mbovu."

"Kwa nini anunue trei kumi kama anajua barabara ni mbovu?" aliuliza Kwanini.

"Ndiyo hapo, binti yangu. Ndiyo hapo. Tusome tuone. Na hapa chini kuna watu wanne, A, B, C na D, kila mmoja anasema amebakiwa na mayai kadhaa. Watatu waongo. Tuwakamate."

Wakawakamata. Iliwachukua asubuhi nzima kumkamata mfanyabiashara wa mayai, maana Kwanini alitaka kwanza kujua trei inabeba mangapi, na aliyekuwa amelala aliamka kusema nyumbani kwao wanauza na ni thelathini. Siku iliyofuata walimsengenya mkulima na theluthi zake, kisha wale ndugu wawili waliogombania tangi la maji. Hawakuwa wepesi. Mara nyingine walimkamata asiye mwongo na kumwachia mwongo aende zake. Ila walianza kusoma mpaka nukta, kwa sababu habari haikatizwi katikati, na Kwanini alikoma kutumia kidole bila mtu kumwambia. Kutoka uwanjani wimbo ulikuwa ukiwafikia kupitia lile dirisha lisilofunguka.

"Mwalimu, na sisi si tungefundishwa tu?" aliuliza mmoja wao.

"Nyinyi hamna sauti," alisema Redio, na wakacheka.

Hata hivyo hakuwa na tumaini. Aliwapima mwenyewe kwenye karatasi ya mwaka juzi, na Kwanini mara alifika nusu, mara hakufika. Na wale wa uwanjani walikuwa wanakwenda kupata zote.

*

Jumamosi moja kabla ya majaribio, alikuja Vidole kusukwa. Vidole alikuwa mchapaji wa ofisi ya elimu ya kanda, rafiki wa Redio wa miaka mingi, na jina lake lilitokana na kasi yake ya kuchapa. Redio alikuwa msusi wa marafiki zake wote. Ukimshika mtu kichwa kwa saa tatu, alisema, hana pa kukimbilia.

"Taratibu, mwenzangu, vidole vinaniuma," alilalamika Vidole.

"Nasuka kichwa, vidole vinaingiaje?"

"Si bosi mpya. Kapita pita mashuleni, kakuta watoto wanaimba herufi. Karudi kawaka kama taa. Kaniambia mtihani ule ule, maswali yale yale, ila majibu niyahamishe. Lililokuwa A liwe D, lililokuwa C liwe A, kila swali. Nimehamisha, dada, nimehamisha, nimekuwa kama mpagazi." Akageuza shingo kumtazama. "Hilo lakini ni la ofisini. Usije ukalitoa."

"Mimi?" alisema Redio.

Wakacheka wote wawili, kwa sababu walijuana.

Vidole alipoondoka, Redio alikaa na kitana mkononi. Habari ile ilikuwa na uzito wa mtoto mchanga. Angeingia nayo chumba cha walimu Jumatatu, angekaa kwenye kiti chochote anachotaka. Mkuu angemwazima hata ule mfuniko. Mtaalamu angepauka, kisha angeandika wimbo mpya kwa siku mbili, maana kwa nyimbo alikuwa hodari. Watoto wangeimba herufi mpya na kupata zote. Mizigo ingebaki mizigo, na Kwanini angebaki na nusu yake ya kubahatisha.

Akinyamaza, watoto wa uwanjani wanaanguka. Hilo nalo alilipima. Wengi wao ni watoto wa majirani, mama zao wanakuja kupimwa nguo sebuleni kwake. Lakini huu ni mtihani wa majaribio tu; hauingii popote ila kwenye zile kanuni za Mtaalamu. Na hata Mtaalamu mwenyewe, alifikiri Redio, na hapa tabasamu lilimjia taratibu, hata yeye hawezi kurudisha darasa zima.

Jumatatu aliingia chumba cha walimu, akasalimia, akakaa, akamimina chai.

"Redio, leo umezimwa?" aliuliza mwalimu wa sayansi baada ya muda.

"Betri, mwalimu."

"Hakuna jipya huko mjini?"

"Hakuna," alisema Redio. Akajaza chai mdomoni, akaimeza kwa mkupuo mmoja.

*

Siku ya mtihani darasa lilikuwa linanguruma chinichini kama mzinga. Midomo inacheza, vichwa vinatikisika, penseli butu zinashuka: pu, pu, pu. Kitindamimba wa Mkuu alimaliza kabla jasho halijamtoka msimamizi, akaweka penseli chini, akakunja mikono na kutazama dari. Wenzake wakafuata. Mtaalamu alikuwa akipita nje ya dirisha huku amejishika mikono mgongoni, na kila alipopita uso ulizidi kumng'aa. Kweli walipumzika, kama alivyoahidi Mzee wa Ramani.

Kwanini alikuwa bado anasoma kengele ilipogonga. Maswali matatu hakuyafikia. Redio alimwona anatoka mlangoni, akataka kuuliza, akajizuia. Wakiwa shuleni yeye ni mwalimu, wakivuka geti ndipo anakuwa mama mkubwa. Walipovuka geti, Kwanini alisema mwenyewe.

"Mama mkubwa, yule wa mayai alikuwepo. Ila waongo wamebadilishana nafasi."

"Ukafanyaje?"

"Nikawakamata huko huko walikohamia."

*

Matokeo yalipofika, Mkuu aliyasoma peke yake ofisini, na ilisikika sauti ya mfuniko kuanguka.

Kikao kiliitwa saa hiyo hiyo. Meza ile ile, vitabu vile vile. Mtaalamu alikuja bila koti. Katika watoto waliofundishwa wimbo, hakuna hata mmoja aliyekaribia nusu. Hata mbuzi angeachiwa karatasi ile akaikanyagakanyaga kwa kwato zenye matope, angewapita wengi wao. Kitindamimba wa Mkuu, kwa kuwa ndiye aliyeushika wimbo vizuri kuliko wote, ndiye aliyekuwa wa mwisho. Waliovuka nusu walikuwa sita, na wote sita walitoka stoo ya majembe. Wa saba, yule wa kulala kwenye nyavu, alikosa kidogo. Hawakuwa wamefanya maajabu. Walivuka tu, wengine kwa kushikilia ukingo. Kwanini alivuka kwa maswali mawili.

"Ni kosa la uchapaji," alisema Mtaalamu. "Nimepiga simu kanda. Wamekiri kwamba majibu yalihamishwa." Akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kukasirika naye. "Yamehamishwa bila taarifa. Huu ni uonevu. Watoto walijua majibu yote."

"Kweli walijua," alisema mwalimu wa sayansi kwa uchungu. "Niliwasikia kwa masikio yangu."

"Penseli hazina kosa," aliongeza Mzee wa Ramani.

Redio alikunja mikono. "Mimi nauliza lile la kanuni. Wasiofika nusu hawaandikishwi. Tuliambiwa hakuna cha mtoto wa nani."

Mkuu alikigeuza kikombe chake, ambacho sasa mfuniko wake ulikuwa umepasuka.

"Kanuni," alisema Mkuu, "lazima isomwe kwa mazingira yake. Hatuwezi kuwanyima watoto haki yao ya kufanya mtihani. Elimu ni haki ya kila mtoto. Mimi nimelisema hilo siku zote."

"Umelisema, Mkuu," alisema Mtaalamu.

"Darasa zima liandikishwe."

"Na mizigo?" aliuliza Redio.

"Mizigo gani? Hapa hatuna mizigo, mwalimu. Neno baya hilo. Sijui lilitoka wapi."

Mtaalamu akaandika kwenye karatasi yake kwamba neno lile ni baya.

Kisha likamjia wazo, na rangi ikamrudi usoni. Wale sita lazima wana mbinu. Hakuna mtu anayevuka nusu bila mbinu. Akatoa rai aitwe mmojawapo, aieleze mbele ya walimu, ili shule ijifunze. Wakamwita Kwanini. Aliingia akainamisha kichwa kupita mlangoni, akasimama mwisho wa meza na sketi yake isiyo na upindo.

"Usiogope, binti," alisema Mtaalamu, na Redio hakuwahi kumsikia akimwita binti kabla ya siku ile. "Tuambie. Ulitumia mbinu gani?"

Kwanini akamtazama Redio, akamtazama Mtaalamu. "Nilisoma swali, mwalimu."

Kalamu zikaanza kwenda. Mzee wa Ramani akasogea mbele. "Halafu?"

"Halafu nikasoma majibu."

"Majibu yote?"

"Yote manne."

"Yote manne," alirudia mwalimu wa sayansi, akaandika, akapigia mstari. "Hata lililo fupi?"

"Hata fupi."

"Na swali ulilisoma mwanzo tu, au mpaka mwisho?" aliuliza Mtaalamu, makini kabisa.

"Mpaka mwisho." Kwanini alikuwa anaanza kuona huruma. "Mwisho ndiyo wanaulizia."

Walimu wakatazamana. Mkuu akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeonjeshwa kitu kipya. Redio alikuwa anajibana mbavu kwa viwiko, kwa sababu akianza kucheka saa ile asingemaliza.

"Kwa nini mnaandika?" aliuliza Kwanini.

Wao wakazidi kuandika.

Siku hiyo hiyo mchana darasa la mwisho lilitolewa uwanjani. Mtaalamu alisimama mbele na fimbo ya kuongozea, koti limerudi mwilini, na kitindamimba wa Mkuu, macho mekundu bado, akaanzisha kwa sauti ile ile ya kuruka kamba: "Soma swali, soma swali, mpaka mwisho, mpaka mwisho." Wenzake wakapokea. Ikasemekana Mtaalamu anaiandaa mbinu hiyo kwa ajili ya semina ijayo. Habari hiyo Redio aliitoa mwenyewe, kila mahali, bila kubakiza.

"Hivi wewe," Mtaalamu alimwuliza kwenye veranda, akimkazia macho, "na masikio yako yote hayo, hukusikia lolote kabla ya mtihani?"

"Mimi nasikia kwenu, mwalimu," alisema Redio. "Na nyinyi mlikuwa mnaimba."

*

Mpiga picha alikuja kupiga picha za uandikishaji. Alitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa stoo ya majembe, akaweka kigoda mbele yake na kamera juu ya miguu yake mitatu. Watoto walipita mmoja mmoja, kamera ikiwa pale pale, imewekwa kimo cha watoto. Mama yake Kwanini alikuwa amefika na pini mdomoni, anamweka sawa kola na sketi, ingawa sketi haingeonekana kwenye picha.

Kwanini akakaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka.

"Inama kidogo," alisema mpiga picha, jicho kwenye kamera. "Kichwa kinatoka nje."

"Kwa nini?"

"Umezidi urefu, dada. Wenzako wote wameenea."

"Kwa nini usiinue kamera?"

Mpiga picha akatoa jicho kwenye kamera, akamtazama yule mtoto, akamtazama Redio aliyesimama pembeni. Redio alitazama mawinguni. Basi yule bwana akaguna, akalegeza skrubu za ile miguu mitatu, mmoja baada ya mwingine, akaivuta juu.